Bi Arusi wa Makangaga

3 Septemba

Na bado sijamaliza habari ya mikono yake. Jana nilifika kwenye vidole tu, maziwa yakafurika jikoni, nikaacha kalamu. Mikono ya Ned ni mipana, imekwaruzwa na miiba kila mahali, lakini akishika kifaranga, kifaranga hufumba macho. Leo asubuhi alinitoa kipande cha jani nyweleni akakitia mfukoni. Mfukoni! Nikamuuliza cha nini. Akasema, "Changu." Nilikwenda nyuma ya banda nikacheka peke yangu mpaka ng'ombe akageuka kunitazama.

Ng'ombe anaitwa Damson. Ni wetu. Naandika tena ili nione inavyopendeza: ni wetu. Mimi, binti wa muuza kofia wa Hereford, niliyemaliza sekondari nikijua mashairi mengi na Kifaransa kidogo, nimekuwa mke wa mtu mwenye ng'ombe, nguruwe jike, nyumba ya mawe yenye dohani lililopinda, na mama.

Habari za mama nitaziandika siku nyingine.

5 Septemba

Mvua. Nimeunguza mkate. Ned ameula wote, kisha akaulizia ukoko.

8 Septemba

Leo nimeambiwa kwamba sikuolewa na Ned peke yake. Nimeolewa na nyumba pia.

Tulikuwa tunamenya maharage, mimi na Mama mkwe. Jina lake Keziah Gwilliam, mjane, mwembamba kama mpini wa jembe, na macho yake hayakosi kitu. Kwa kawaida ananisemesha kidogo sana, kama mtu anayehofia kwamba maneno yatakwisha kabla ya Krismasi. Leo alisema mengi.

"Siku ya Mikaeli inakuja," akasema. "Unajua kushika mundu?"

"Sijui, Mama."

"Utajua. Wewe ndiye bi arusi mpya kuliko wote kijijini Thornlow. Mganda wa kwanza ni wako."

Akanieleza. Nyumba yetu, kama zote zinazozunguka Uwanda, yaani mlima wa malisho ulio juu ya kijiji, ina haki yake ilimradi jiko lake linawaka. Ng'ombe wetu hulishwa Uwandani. Nguruwe huokota kokwa za mialoni. Na yale makangaga marefu yanayofunika mlima wote, ambayo sasa yanaanza kugeuka rangi ya kutu, tunayakata na kuyakausha, tukawatandikia mifugo wakati wa baridi. Ardhi yenyewe ni ya mwenye Jumba, ile nyumba kubwa ya hapa kijijini. Majani ni yetu.

"Nani aliwapa haki hiyo?" nikauliza.

"Hatukupewa."

"Imeandikwa wapi?"

Akanitazama kama nimemuuliza kuku hutaga kwa ruhusa ya nani. "Haiandikwi. Inafanywa. Tarehe ishirini na tisa Septemba, mchana, watu wote wakiona, bi arusi mpya hukata mganda wa kwanza, kisha wengine wanaingia. Mwaka jana alikata Mabel Probert, mke wa mhunzi, na tumbo lake hadi hapa. Mwaka niliokata mimi ilikuwa mvua ya mawe. Nilikata."

Nilitaka kumkumbatia. Nilimpa bakuli la maharage badala yake.

Ned alinifundisha mundu jioni, amesimama nyuma yangu, mikono yake juu ya mikono yangu. Hatukukata hata jani moja. Siandiki zaidi.

10 Septemba

Mvua. Namfikiria bi arusi wa kwanza kabisa, yule ambaye hakuna anayemkumbuka. Alivaa nini? Alipendwa kama mimi? Haiwezekani.

12 Septemba

Siku nzuri ajabu! Nimekunywa chai katika Jumba!

Nilikuwa nikitoka dukani, mvua ikanikuta njiani, na motokaa ya kijani ikasimama. Alikuwa Bwana Lathbury mwenyewe, aliyenunua Jumba na ardhi yote majira ya kuchipua. Alikuwa mtengenezaji wa vifungo Birmingham, na sasa amestaafu. Kijijini wanasema ana majivuno. Si kweli hata kidogo! Ni mwenye haya. Alinipa chai na keki ya zabibu katika chumba kikubwa ambacho nusu ya viti vyake bado vimefunikwa mashuka. Aliniambia kwamba mkewe, Adelaide, ndiye aliyetaka waishi mahali penye ndege wengi, na kwamba walipolipata Jumba alikuwa tayari mgonjwa, na hakulala humo hata usiku mmoja. Nililia ndani ya kikombe.

Na kwa sababu nilitaka kumwambia kitu kizuri, na kwa sababu mwalimu wetu wa adabu shuleni alisema mgeni asiguse kitu cha mtu kabla ya kuomba, nikasema: "Bwana Lathbury, utaturuhusu kukata makangaga siku ya Mikaeli?"

Uso wake uling'aa kama mtoto aliyepewa filimbi. "Kwa moyo wote, bibi! Kateni mnavyotaka mwaka huu. Unajua, tangu nifike hapa hakuna mtu aliyewahi kuniomba kitu chochote."

Nikamshukuru. Nikamshukuru tena mlangoni, na tena kwenye gari. Nimerudi nimelowa na moyo wangu umejaa. Ned hayupo, amekwenda kutengeneza ua wa jirani. Kesho nitawaambia wote. Mama atafurahi sana.

13 Septemba

Mama hakufurahi.

Ngoja niandike yote kwa mpangilio, ingawa nimelia na kurasa zimejaa matone.

Tulikuwa mezani, Ned na Mama na mimi, na Mabel Probert alikuwa amekuja kuazima hamira, mtoto wake mgongoni. Nikasema kwa sauti ya mtu anayefungua zawadi, "Nina habari! Jana nilimwomba Bwana Lathbury ruhusa ya makangaga, na amekubali!"

Mtoto wa Mabel alicheua.

"Ulimwomba," akasema Mama.

"Kwa adabu kabisa, Mama."

"Naye akakubali."

"Kwa moyo wote!"

"Na wewe ukamshukuru."

"Sana," nikasema, lakini sauti yangu ilikuwa imeanza kushuka ngazi.

Mabel akaweka hamira mezani. "Yesu wangu," akasema. "Kaomba! Bi arusi kaomba!"

"Lakini kuuliza si ujinga!" nikasema. "Ndivyo nilivyofundishwa."

"Kuuliza njia si ujinga," akasema Mama. Hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa nafuu. "Lakini kumuuliza mtu kama waweza kuingia nyumbani kwako mwenyewe! Unaelewa ulichofanya, we mtoto? Akikuruhusu leo, kesho aweza kukukataza. Bibi yangu hakuomba. Bibi yake bibi yangu hakuomba. Tumekaa miaka yote hiyo bila kumwomba mtu, na hatukuwa wakosefu wa adabu. Kule kutokuomba ndiko kulikotuwekea Uwanda!"

Nilimtazama Ned. Ned alikuwa anatazama viatu vyake.

Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Nilikwenda kwa Damson nikaegemeza paji la uso ubavuni mwake. Ned alinifuata baadaye. Alisimama mlangoni akizungusha kofia yake mikononi.

"Umeninyamazia," nikasema.

"Nilikuwa natafuta neno ambalo halitakuumiza wewe wala Mama."

"Ukalipata?"

"Halipo, Hester. Nimetafuta kila mahali."

Nikacheka huku nalia. Kisha akaniambia jambo ambalo Mama hakulisema. Bila Uwanda, Damson hana malisho wala matandiko, na nguruwe hana kokwa. Bila hao wawili hatuwezi kuishi hapa. Itabidi twende mjini, na Ned asimame dukani kwa baba yangu, na tai shingoni, akiwauliza mabibi ukubwa wa vichwa vyao.

"Ungefanya hivyo?" nikamuuliza.

"Kwa ajili yako, ndiyo," akasema. Lakini alisema akitazama nje, kule mlimani.

14 Septemba

Mvua. Mama amepika supu na hakusema neno.

15 Septemba

Kijiji chote kimejua. Muuza nyama alinifungia soseji, akaniuliza kama nimemwomba nguruwe ruhusa ya kuzila. Watu dukani walicheka mpaka wakashikana mabega. Nilicheka nao, na nikalia njia nzima ya kurudi.

18 Septemba

Kibao kimesimamishwa kwenye lango la Uwanda. Ni cheupe, herufi nyeusi, kimepigwa rangi vizuri sana. Kinasema: KUKATA MAKANGAGA KUMERUHUSIWA MWAKA HUU KWA HISANI YA MWENYE ARDHI.

Aliyekisimamisha ni Bwana Scrase, msimamizi wa mali za Bwana Lathbury, mtu mwenye masharubu yaliyochanwa na kukatwa sawasawa. Ned alimuuliza habari ya mwaka ujao.

"Mwaka ujao hisani itafikiriwa upya," akasema Bwana Scrase. "Huu mlima ungefaa sana kwa misonobari. Safu kwa safu, na ua kuuzunguka. Na msinilaumu mimi. Mwenzenu mmoja ameshakiri kwamba haki hamna. Nimeambiwa alikiri vizuri sana, kwa keki."

Nilikuwa nimesimama pale pale.

19 Septemba

Mvua. Makangaga yamekuwa mekundu kabisa chini ya mlima. Ni mazuri kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona, na sithubutu kuyatazama.

20 Septemba

Mkutano katika ukumbi wa kanisa dogo. Walimwita wakili kutoka Hereford, Bwana Tranter, mzee mnene mwenye mafua, aliyekaa na miguu karibu na jiko hadi viatu vyake vikatoa moshi.

"Sheria yetu sisi Waingereza ina jambo moja la ajabu," akasema, na kupiga chafya. "Jambo likifanywa muda mrefu kupita kumbukumbu za watu, lenyewe linageuka kuwa haki. Lakini lazima liwe limefanywa bila nguvu, bila kificho, na bila ruhusa. Mmewahi kuingia Uwandani kwa nguvu?"

"Hapana!"

"Kwa kificho?"

"Na ng'ombe? Tutawafichaje?" akasema mhunzi.

"Kwa ruhusa?"

Vichwa vikanigeukia. Kisha sauti ikatoka nyuma: "Muulize bi arusi!" Watu wakacheka, na mimi nikatamani sakafu inimeze. Lakini Mama, aliyekaa kando yangu kama mti, akageuka nyuma. "Amefanya kosa moja akiwa na mwezi mmoja hapa," akasema. "Wewe, Enoch Pritchard, umefanya mangapi na umezaliwa hapa? Niyataje?"

Enoch Pritchard akasema hapana, asante, mama Keziah.

Nilimtazama Mama. Yeye alikuwa tayari anatazama mbele.

Bwana Tranter akasema hivi: haki ni ya nyumba, si ya mtu, kwa hiyo ulimi wa mtu mmoja hauwezi kuiua. Lakini siku ya Mikaeli kijiji chote kikiingia chini ya kibao kile kimya kimya, basi kibao kitakuwa jibu letu. Hakimu akiuliza tuliingia kama wenyewe au kama wageni, mwenye Jumba atakionyesha kibao, na hatutakuwa na la kusema.

"Basi tusikate mwaka huu!" akasema mmoja.

"Na mifugo ilale juu ya nini?" akauliza mwingine. "Juu ya heshima yako?"

Nikasimama. "Mimi ndiye niliyeichukua hiyo ruhusa. Nifanye nini?"

"Irudishe," akasema wakili.

"Ruhusa hurudishwaje? Si sufuria."

"Kama sufuria hasa," akasema Mama. "Unaibeba mpaka mlangoni kwake."

23 Septemba

Nimeibeba mpaka mlangoni kwake.

Ned alitaka kuja nami, nikamkataza, kisha nikamruhusu anisindikize hadi kwenye mti wa mwisho. Bwana Lathbury alifungua mwenyewe. Alikuwa na furaha kuniona, na hilo lilinikata maini. Keki ilikuwa mezani tena. Bwana Scrase alikuwa amekaa pale, akila yake.

"Bwana Lathbury," nikasema, bado nimesimama, "nilikuomba kitu ambacho sikupaswa kukuomba. Naja kuurudisha wema wako. Tutakata makangaga siku ya Mikaeli kwa sababu nyumba zetu zina haki hiyo. Hatutakata kwa hisani."

Alikaa taratibu. "Sijaelewa, bibi. Nimewakubalia. Mtakata. Kuna tofauti gani kwenu?"

"Tofauti ni mwaka ujao," nikasema, na nikamtazama Bwana Scrase.

Bwana Scrase akapangusa masharubu. "Ruhusa ikishatolewa imetolewa, bibi. Huwezi kuirudisha. Siku hiyo tutakuwa langoni, tuwakaribishe kwa sauti, na mashahidi wasikie."

Bwana Lathbury hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. "Nilidhani tumekuwa marafiki," akasema. "Ndilo jambo la kwanza nililoombwa hapa. Sasa hata hilo mnanirudishia."

Niliondoka bila kuigusa keki. Ned alikuwa bado chini ya ule mti, amelowa kabisa. Alinifungia koti lake tu.

Nilitaka Bwana Lathbury awe mtu mbaya. Ingekuwa rahisi sana.

26 Septemba

Mvua, na upepo. Makangaga yaliyolowa hayakatiki vizuri. Mama ameninolea mundu wake mwenyewe, ule aliokatia kwenye mvua ya mawe. Aliuweka kando ya sahani yangu kama kijiko.

28 Septemba

Imeacha kunyesha mchana. Ned anasema upepo umegeuka. Mdomo wangu una tabia ya kusema asante kabla sijaufikiria, na nauogopa kuliko ninavyomwogopa Bwana Scrase.

29 Septemba, Siku ya Mikaeli

Kulipambazuka kweupe, ukungu umelala bondeni, na mlima wote juu yake ukiwaka kwa wekundu. Nilivaa gauni langu la harusi, maana ndiyo desturi, na viatu vya Ned, maana ndiyo akili. Mama alinifunga kitambaa kichwani. Vidole vyake vilikuwa baridi, vikakaa shavuni kwangu muda kidogo zaidi ya uliohitajika.

"Kama nitakosea?" nikamuuliza.

"Hutakosea. Wewe una moyo mpana, tatizo lako ni kwamba umeunganishwa na ulimi moja kwa moja. Leo uunganishe na mkono."

Watu wote walikuwa langoni na mikokoteni yao. Na chini ya kibao walisimama Bwana Scrase, na wanaume wawili kutoka mjini walioletwa kushuhudia, na Bwana Lathbury, akiwa na koti lake zuri na uso wa mtu ambaye hakulala.

Nilikwenda mbele. Nilisikia gauni langu likiburuzika kwenye umande.

"Mwambie, Bwana," Bwana Scrase akamnong'oneza.

Bwana Lathbury akavua kofia. "Karibu, Bibi Gwilliam," akasema. "Karibuni nyote. Nawaruhusu."

Na nakiri, nakiri hapa tu: mdomo wangu ulifunguka. "A—" nikasema. Nyuma yangu Mabel Probert akaanguka katika kikohozi ambacho kingeweza kuua farasi. Nikauma ulimi. Nikasikia ladha ya damu.

"Bwana Lathbury," nikasema, na nilisema kwa sauti ili wale wawili wa mjini wasikie, "sihitaji kukaribishwa hapa, na sikuombi kitu. Nimetoka nyumba ya Gwilliam, jiko letu linawaka, na nimekuja kukata makangaga yetu kama yalivyokatwa siku zote."

Nikampita. Nikapita chini ya kibao. Nikainama, nikashika shina kama Ned alivyonifundisha, nikavuta mundu.

Halikukatika. Shina lilikuwa limelowa. Nikavuta tena, nikateleza, nikakaa chini na gauni langu la harusi kwenye tope, na mtu akacheka, nadhani ni Enoch Pritchard. Nikavuta mara ya tatu nikiwa nimekaa vilevile, na likakatika. Likafuata la pili. Nikakata hadi mkono ukajaa, nikafunga mganda kwa kitambaa cha kichwa changu, nikausimamisha juu.

"Ameingia kwa kukaidi!" Bwana Scrase akasema kwa mashahidi wake. "Mmeona? Jina lake Hester Gwilliam. Tutaonana mahakamani."

"Sema na kwamba ilikuwa mchana," nikamwambia, "na kwamba nilimtazama Bwana Lathbury usoni."

Kisha walikuja wote. Mabel na mtoto, mhunzi, Pritchard na mkokoteni wake unaolia, mzee mmoja akisukumwa kwenye toroli ili naye akate jani lake. Mama alipita langoni na hakugeuza kichwa kwa Bwana Scrase, utadhani ni nguzo nyingine ya kibao. Ned alinipandisha juu ya bega lake pamoja na tope langu lote. Alisema neno moja sikioni mwangu na hilo siliandiki, ni langu.

Lakini nikiwa kule juu begani nilimwona Bwana Lathbury akishuka njia peke yake, kofia bado mkononi.

1 Oktoba

Tunakata. Mgongo wangu! Jua.

2 Oktoba

Tunakata. Nanuka kama msitu. Ned anasema ndiyo marashi anayoyataka.

4 Oktoba

Mvua imerudi lakini shehena kubwa imeshaingia. Damson amelala juu ya makangaga kama malkia. Habari zinasema Bwana Scrase amekwenda kwa mawakili. Watu wameacha kunitania. Sasa wananiogopea, na heri wangenitania. Mama amelala na homa kwa sababu ya kulowa, nami nampa supu kwa kijiko. Leo alisema supu yangu ina chumvi. Alisema pia nisiondoke.

7 Oktoba

Naandika haya kwa furaha.

Mama alipata nafuu, akataka kwenda kuona nguruwe wetu chini ya mialoni, akiniegemea. Tukamkuta Bwana Lathbury amekaa juu ya gogo, peke yake, na nguruwe wetu anamnusa viatu. Nilitaka turudi. Mama hakutaka. Akaketi kwenye gogo lilelile.

"Bwana," akasema.

"Bibi," akasema yeye.

Wakatazama nguruwe.

"Nikiwashtaki," akasema Bwana Lathbury baadaye, "mtafanya nini?"

"Tutakuja. Sote. Tutabeba na chakula, maana mahakamani wanachelewesha."

Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Msimamizi wangu anasema naweza kushinda. Sikuja hapa kushinda. Nilitaka kuwa jirani mwema. Nilitoa nilichokuwa nacho, na mke wa mwanao akanirudishia mbele ya watu."

"Ulitoa chetu, Bwana," akasema Mama, na aliisema kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake. "Mtu hawezi kushukuriwa kwa kutoa cha mwenzake. Toa chako."

"Changu kipi? Mmekwisha kuniambia kwamba majani si yangu, wala kokwa."

"Una matufaha. Bustani nzima nyuma ya Jumba, yanaanguka na kuoza, nyigu wanakula. Hakuna mtu wa Thornlow aliyegusa hata moja tangu ufike. Unajua kwa nini? Kwa sababu hayo ni yako."

Bwana Lathbury alimgeukia. Kisha akaanza kucheka, kicheko chenye kutu, na nguruwe akakimbia. Nadhani hakuwa amecheka tangu Adelaide. Mimi nililia, bila shaka. Mama akaniambia nipenge kamasi.

9 Oktoba

Bwana Lathbury alikuja langoni leo mbele ya watu na kumwambia Bwana Scrase: "Ruhusa hii haikuwa yangu kuitoa. Hakuna kesi. Hakuna misonobari." Bwana Scrase aliuliza kama anajua anachokitupa. Akasema anajua, na kwamba ni kibao. Akaanza kukivuta mwenyewe. Hakikung'oka. Akageuka, amewiva uso, akamuuliza Ned kama angeweza kumsaidia. Ned akaleta mtalimbo. Wakaking'oa pamoja, na Enoch Pritchard akataka kujua kama mbao zile zina mwenyewe, maana anajenga banda la kuku.

Bwana Tranter ameahidi kuliandika tamko lake vizuri ili na atakayenunua Jumba baadaye alijue. Lakini Mama anasema bi arusi wa mwaka ujao atakata vilevile, karatasi iwepo isiwepo. Dada yake Mabel ameposwa. Nimeanza kumfundisha kunyamaza.

11 Oktoba

Baridi ya kwanza. Moshi wa dohani letu unapanda wima. Ned amelala, nami nimekaa karibu na moto, nimempa Mama nusu ya tandiko la mbwa wetu apashe miguu yake moto, na mbwa amekubali. Nampenda mama huyu. Nimeandika, na siifuti.

Namfikiria Bwana Lathbury na viti vyake vilivyofunikwa. Kabla mwezi huu haujaisha nitakwenda kumtembelea, Ned na kikapu pamoja nami, kabla upepo haujaangusha matufaha ya mwisho. Nitabisha mlango wa mbele. Nitamwomba ruhusa ya kuchuma, kwa adabu kama nilivyofundishwa, na akinipa nitamshukuru, na nitamshukuru tena mlangoni, na hakuna mtu Thornlow atakayekohoa.